Mkakati wa mazingira unaoanzia kwenye zamu: mwongozo kamili kwa wenye viwanda na biashara Nyanda za Juu Kusini

Kila ikifika tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, biashara nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya huwatoa wafanyakazi nje wakiwa na fulana mpya, wakapanda miche, wakapiga picha. Mvua zetu huku ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Juni kipupwe kimeshaingia, na Mufindi au Makete kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Mche uliopandwa siku hiyo bila mtu wa kuumwagilia unakauka kabla ya Septemba. Mlinzi wa geti analijua hilo, maana nyumbani kwake ana misindano (misonobari) aliyoipanda Januari. Mama wa usafi analijua pia. Hakuna aliyewauliza.

Kazi yangu ni kusaidia viwanda na biashara kupanga mambo ya mazingira, na kosa hili nimelikuta kwa sura nyingi. Uamuzi unatoka ofisini, ujuzi umekaa kwenye zamu, na viwili hivyo havijakutana. Nitaeleza hapa namna ya kuvikutanisha hatua kwa hatua, nikitumia mifano ya mitambo ya kahawa Mbozi, viwanda vya chai, mashine za mbao Mafinga na hoteli za mjini, kwa sababu hizo ndizo shughuli nilizozoea.

Hatua ya kwanza: tembea na maji

Kompyuta iache kwanza. Vaa buti, chukua daftari, ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Anzia pale maji yanapoingia kiwandani, ufuate bomba na mifereji mpaka yanapotokea kwenye uzio. Wengi huishia hapo. Wewe endelea kushuka.

Bondeni utakuta vinyungu, vile vishamba vidogo vya kiangazi: kabichi, maharage ya kiangazi, mahindi ya kuchoma. Uliza ni vya nani. Mara nyingi utaambiwa ni vya wafanyakazi wako au jamaa zao. Maji yanayotoka kwenye mtambo wako ndiyo yanayonywesha mboga wanazokula watoto wao. Nikishampeleka meneja mpaka hapo, mazungumzo yetu ya mazingira hubadilika, na wala sihitaji tena kumweleza maneno makubwa ya tabianchi.

Jua pia maji hayo yanaelekea wapi. Ukiwa Iringa mjini, yanaingia Ruaha Mdogo, yanaungana na Ruaha Mkuu, yanafika Mtera na Kidatu yanakozalisha umeme, kisha Rufiji. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na matumizi ya maji huku juu, bonde la Usangu na kwingineko, yanatajwa miongoni mwa sababu kuu. Sehemu kubwa ya Rungwe na Kyela humwaga Ziwa Nyasa. Kila bonde lina bodi yake ya maji: ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Jina la bonde lako liandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa kuwa huko ndiko vibali vyako vya maji vitakakotoka.

Ndoo ina kazi yake. Penye bomba linalomwaga ovyo, kinga maji na uhesabu sekunde. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kila sekunde, sawa na lita 1,800 kwa saa. Bomba hilo likiachwa wazi zamu nzima ya saa nane, zimepotea lita 14,400. Fanya hesabu hiyo palepale, mbele ya watu wa zamu, wakiwa wameshika ndoo wao wenyewe. Rudi tena usiku. Zamu ya usiku ina mambo yake: koki zinazoachwa wazi kwa sababu vipini vyake vimevunjika tangu miezi sita, taa za stoo zinazowaka hadi asubuhi, moto wa boila unaochochewa wakati hakuna mzigo.

Hatua ya pili: daftari la mwaka mzima

Huku kwetu kipimo cha mwezi mmoja kinadanganya. Kahawa ya Mbozi huchumwa na kumenywa kiangazi, wakati mito iko chini kabisa. Mtambo unaoonekana hauna shida mwezi Februari huwa mzigo kwa mto mwezi Agosti. Majitaka ya kahawa yana tindikali na yamejaa sukari na mabaki ya ganda. Vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa iliyomo majini, samaki na viumbe wengine wakakosa pumzi. Masika mto mkubwa huyapunguza makali. Agosti hakuna wa kuyapunguza. Kwa hiyo pima miezi kumi na miwili, na usitangaze lengo lolote la miaka kumi kabla hujaona kiangazi kimoja na masika moja.

Pima vitu vinne tu kwa kuanzia: maji kwa mita, umeme kwa uniti, kuni au mafuta, na taka kwa uzito au kwa idadi ya matoroli. Kila namba igawe kwa kile unachozalisha. Kiwanda cha chai kihesabu kilo za kuni kwa kilo ya chai kavu. Mtambo wa kahawa, lita za maji kwa kilo ya kahawa mbivu. Mashine ya kukoboa mpunga, uniti za umeme kwa gunia. Mashine ya mbao, kiasi cha mbao kinachotoka kwenye mita moja ya ujazo ya gogo. Hoteli, lita kwa kila mgeni aliyelala. Ukiangalia jumla peke yake, mwaka wa mavuno mabaya utajisifu bure, na mwaka wa neema utawakaripia watu wasio na kosa.

Anayeandika namba hizo awe mtu wa zamu. Nimeshuhudia kiwanda kimoja ambacho karani wa ofisini alikuwa akizijaza zote Ijumaa jioni kwa kukisia, na kwa miaka miwili uongozi ulifanya maamuzi juu ya namba ambazo hazikuwahi kupimwa.

Daftari hili ndilo lililonikutanisha na mzee mmoja wa boila kule Mufindi. Matumizi yao ya kuni yalikuwa yakipanda na kushuka bila sababu iliyoonekana, na ofisi ilishaanza kuulizia bei ya boila jipya. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye joto."

Nikamuuliza kama kuni zake zimekauka. Hakunijibu. Aliokota magogo mawili kwenye rundo la kushoto, akayagonganisha. Yakatoa mlio mfupi, mkavu, kama mbao za ngoma. Akaokota mengine mawili rundo la kulia, akagonganisha. Safari hii ulisikika mshindo mzito tu, kama mtu anayepiga gunia la mahindi. "Hizi," akasema, "nikizitia, nachemsha maji mara mbili. Kwanza yaliyo ndani ya kuni, ndipo yaliyo ndani ya boila."

Alikuwa sahihi kabisa. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto hauzalishi mvuke wa chai mpaka uyafukuze hayo kwanza. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba lori lilishusha kuni mbele ya banda, kuni za miezi mitano zikabaki nyuma, na vijana waliobeba walichukua zilizo karibu. Mbichi zilichomwa, kavu zikaliwa na mchwa. Dawa ilikuwa kufungua mlango wa pili nyuma ya banda, lori lishushe huko, na kupaka rangi mwezi wa kuingia kwenye nguzo ya kila rundo. Hakukuwa na haja ya boila jipya mwaka ule. Mzee alikuwa ameijua shida hiyo muda mrefu. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwa upole kwamba yeye huulizwa shinikizo la mvuke tu.

Hatua ya tatu: chagua mambo mawili, yakizidi matatu

Orodha ya mambo ishirini haitekelezwi. Uzito wa jambo upime kwa maswali ya kawaida: linaumiza nani chini ya mto au nje ya uzio? Linakula pesa kiasi gani? Sheria inasemaje? Na je, watu tulio nao wanaweza kulianza mwezi huu? Linalogusa matatu kati ya hayo ndilo la kuanza nalo.

Mashine za mbao Mafinga, pembezoni mwa msitu wa Sao Hill, jibu karibu kila mara ni msumeno na vumbi lake. Msumeno unaokula milimita 6 kila mkato, ukipitishwa mara kumi kwenye gogo, umegeuza sentimita 6 za mti kuwa unga. Mti huo umesubiriwa karibu miongo miwili. Kunoa meno kwa wakati, kunyoosha reli, na hatimaye kuhamia msumeno mwembamba wa mkanda huleta mbao nyingi kutoka gogo lilelile, na huo ndio uhifadhi wa msitu ulio karibu zaidi na mfuko wa mwenye mashine. Marundo ya unga yanayoachwa kuwaka yenyewe kwa wiki nzima yanaweza kuwa mkaa wa kubana, matandiko ya mabanda ya kuku, au kuni za boila la kiwanda jirani. Mabanzi vilevile.

Mtambo wa kahawa uanze na kurudisha maji ya kumenyea yatumike tena kabla ya kuyatoa, mashimo ya kutulizia majitaka mbali na mto, chokaa ya kupunguza tindikali, na maganda yageuzwe mboji irudi shambani. Hoteli ziangalie maji ya moto na jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na jiko kubwa la kuni litazidi kuwa gumu kulitetea.

Kuhusu umeme nina neno moja: wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia kiwango cha juu cha KVA, yaani mzigo wa umeme unaovutwa kwa mpigo, walichofikia mwezini, kwa hiyo mashine mbili kubwa ambazo hazilazimiki kufanya kazi kwa wakati mmoja zipishane, na umwite fundi akague kama unahitaji kapasita, kifaa kinachopunguza KVA hizo.

Hatua ya nne: andika kurasa mbili

Nimewahi kuona mkakati wa mazingira wenye kurasa sitini, umejalidiwa vizuri, umefungiwa kabatini, na mwendesha mtambo hajui kama upo. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili, zibandikwe mahali watu wanapobadilishia nguo.

Ukurasa wa kwanza useme biashara inataka kuwa wapi baada ya miaka kumi. Watu wa huku tunajua kusubiri: mtu anapanda misindano mtoto akiwa darasa la kwanza, anavuna mtoto akiwa mtu mzima. Kiwanda cha chai kinaweza kusema, "Ifikapo mwaka wa kumi kuni zetu zote zitatoka kwenye mashamba yetu wenyewe." Milingoti (mikaratusi) hufaa kwa kuni baada ya miaka michache na huchipua tena kwenye kisiki, lakini ina kiu kubwa, kwa hiyo ipandwe mgongoni mwa kilima na isisogezwe kwenye chemchemi. Huo ni uamuzi wa miaka kumi ambao lazima uanze na kitalu mwaka huu na kupanda Januari ijayo.

Ukurasa wa pili uwe na hatua za miaka mitatu na za mwaka huu, kila moja na jina la cheo kinachohusika, tarehe na namba. "Tutapunguza matumizi ya maji" haimfungi mtu. "Kutoka lita hizi kwa kilo hadi lita hizi kabla ya msimu wa kahawa wa mwaka kesho, msimamizi wa zamu ya kumenya" inafunga.

Sheria na wanunuzi

Hapa nitapita haraka kwa sababu mambo yako wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Cheti cha mazingira na ukaguzi wake viko NEMC, baraza la taifa la mazingira, lenye ofisi ya kanda Mbeya. Kutumia maji ya mto au kisima na kutiririsha majitaka ni vibali viwili tofauti vya bodi ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Wengi wana cha kwanza, hawana cha pili. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Wewe unayeuza Ulaya, tazama mbele zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa na mbao zisitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na shamba lijulikane kwa majira ya nukta kwenye ramani. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kupima mashamba ya wakulima elfu kadhaa haifanyiki kwa miezi miwili. Anzeni.

Hatua ya tano: wafanyakazi

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama kurasa zako mbili zitaishi.

Sanduku la maoni usilitegemee. Karatasi yenye mwandiko wa mtu inamtia hofu, na mengi ya masanduku niliyoyafungua yalikuwa na vumbi. Weka badala yake kikao cha dakika kumi cha kubadilishana zamu, watu wamesimama, penye ubao na chaki. Namba ya jana, namba ya leo, nini kiliharibika, nani ana wazo. Kila wazo lijibiwe ndani ya siku saba, hata kama jibu ni "haiwezekani, na sababu ni hii". Mtu anavumilia kukataliwa, lakini akipuuzwa mara tatu hasemi tena.

Vibarua wa msimu wasiachwe nje. Kwenye mtambo wa kahawa, akina mama wanaochambua na kuosha ndio wanaoshika maji kutwa nzima, na mara nyingi hawaitwi kwenye mafunzo kwa kuwa "si wa kudumu". Wafundishwe siku ya kwanza ya msimu, asubuhi kabla ya mzigo kufika, wakiwa mferejini, na saa hizo walipwe. Mafundisho yaliyowekwa baada ya kazi, mtu ana mtoto mgongoni na safari ya mguu nyumbani, huwa ni adhabu.

Kisha kuna hofu ambayo haitamkwi, nayo lazima uitamke wewe: watu wanaogopa kwamba wakiokoa muda na maji, watapunguzwa. Kibarua anayelipwa kwa siku akiona mtambo mpya unamaliza kazi saa nane mchana badala ya saa kumi na mbili jioni, kwake hiyo ni unga uliopungua nyumbani. Usimlaumu akichelewesha. Uongozi useme mbele ya watu, na uandike, kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya akiba ya mazingira, na saa zinazopatikana zitaenda kwenye kitalu, mboji au matengenezo kwa malipo yaleyale. Kama una chama cha wafanyakazi, mfano TPAWU kwenye mashamba, kialike kabla ya kutangaza. Na kama huwezi kutoa ahadi hiyo kwa moyo mweupe, usiitoe.

Zawadi iende kwa zamu nzima. Ukimpa mmoja, waliomsaidia wananyamaza. Waulize wanataka nini. Mahali pamoja walichagua sukari na mche wa sabuni kila mwisho wa mwezi, kwingine wakataka ziingizwe kwenye mfuko wao wa kukopeshana.

Chagueni kamati ya watu watano au sita kutoka zamu zote, wanawake wakiwemo, na mwenyekiti asiwe meneja. Mara moja kwa robo mwaka ishuke vinyungu kutazama maji yana rangi na harufu gani. Mwenye kinyungu akisema kabichi zake zimeungua, taarifa hiyo iandikwe kwenye daftari kama mita nyingine yoyote.

Hatua ya sita: akiba irudi kwenye kazi

Pesa inayookolewa ikiingia kwenye mfuko mkuu inapotea machoni, na mwaka wa pili hakuna mwenye hamu. Fungua akaunti ndogo au hata ukurasa wake kwenye vitabu vya mhasibu. Mfano, ukiokoa shilingi milioni 6 za kuni, milioni 3 zinunue kifaa kinachofuata, milioni 1 iende kwa zamu, mbili zibaki kwa mwenye biashara. Mgawanyo ni wenu; muhimu usomwe kwa sauti. Hivyo ndivyo koki iliyotengenezwa mwaka huu inavyonunua mita mwakani, na mita ikalipia bwawa la kutulizia majitaka mwaka wa tatu, bila mkopo mkubwa.

Kupitia mkakati, na siku meneja atakapoondoka

Pitieni kurasa zenu kila Oktoba. Kiangazi kimefika mwisho, mto umeonyesha hali yake mbaya kabisa, na bado kuna wiki chache za kuchimba mashimo na kuandaa miche kabla ya mvua. Miche iliyopandwa mwaka uliopita ihesabiwe iliyo hai, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye ripoti.

Mameneja huhama, na mikakati mingi niliyoiona ikifa ilikufa mwezi ule wa makabidhiano. Kwa hiyo wekeni utaratibu: meneja mpya siku yake ya kwanza aanzie kwenye boila, agonganishe magogo mawili mbele ya mzee wa zamu. Kisha apelekwe kwenye mfereji na akina mama wanaoosha kahawa, akinge ndoo na kuhesabu sekunde. Kisha kamati imshushe vinyungu. Ofisi na kompyuta atavikuta baada ya chakula cha mchana.